Tanga: ofisi ya wakili, kituo cha msaada wa kisheria, au Lushoto kwanza?

BintiNgamiani
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, nachapa na kutoa kopi steshenari huku Ngamiani. Mawakili wanatuletea viapo na hati za madai, na kazi hiyo nimeipenda kweli. Sina cheti wala uzoefu. Wakili mmoja kaniambia niende ofisini kwake, atanipa nauli tu. Kuna kituo cha msaada wa kisheria kinapokea wanaojitolea. Baba mdogo naye anasema niende Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Nianzie wapi?

KaraniMstaafu
Marahaba mwanangu. Nenda kwa wakili, ukajifunze tarehe. Mtu akipelekewa hati ya madai ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Anayesimama mbele ya hakimu ni wakili, lakini anayefungua shajara asubuhi na kusema "mzee, leo ndiyo mwisho" ni karani. Karani wa namna hiyo haachiwi aondoke.

MamaChumbageni
Kaka, kwa nauli mpaka lini? Nilikaa miezi 9 kwenye ofisi moja, nachapa, nazungusha mafaili, hata chai naagizwa mimi. Kuomba barua ya kuthibitisha nilifanya kazi pale, nikaambiwa subiri, na mpaka leo sijaipata. Mdogo wangu, kabla hujaanza waandikishe: muda gani, nauli kiasi gani, barua lini.
Mimi kilichonifunza ni kituo. Anakuja mjane na karatasi za mirathi kwenye mfuko wa rambo, hajui ipi ni ipi. Unamsikiliza mpaka amalize, unazipanga, ndipo unaona kumbe cheti cha kifo hakimo. Ila ujue mipaka yako. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kumtetea mtu, wala hamtozi anayemhudumia. Kwa hiyo usitegemee kula hapo.

NipoLushoto
Nasoma hapa. Kama lengo lako ni ukarani wa mahakama, ajira zinapitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kujitolea bila cheti hakukufikishi. Uliza kama matokeo yako yanakuingiza diploma moja kwa moja, usije ukapoteza mwaka kwenye cheti. Na beba sweta.

KaraniMstaafu
Mama Chumbageni kasema kweli kuhusu barua, hilo nililisahau. Niongeze moja: tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za zamani ni za Kiingereza, kwa hiyo soma zote mbili. Na huko steshenari, mwanangu, kiapo cha mtu ukishakichapa usikiache kwenye kompyuta akaja kukisoma jirani yake. Kutunza siri kunaanza hapo ulipo, hakungoji ajira.

BintiNgamiani
Asanteni sana. Jumatatu naenda kwa wakili na karatasi yangu: miezi mitatu, nauli ya kila wiki, na barua mwishoni. Udahili ukifunguliwa naomba Lushoto. Viapo vilivyokuwa kwenye kompyuta nimevifuta jioni hii, vilikuwa 14.