Floti, ultrasoniki au sensa ya presha: ipi inafaa kwenye pampu ya sola?

Bomba_Kavu: Wakuu, naomba ulinganisho. Kisima mita 80, pampu ya DC imekaa mita 70, haina betri. Maji yamesimama mita 42, ikivuta yanashuka hadi 50. Tenki la lita 10,000 lipo mita 180 kutoka kisimani, maji yanaingilia mita 8 juu ya usawa wa kisima. Kabla ya saa 7 mchana limeshajaa na linamwaga. Nifunge kipi? Na mita ya maji ina kazi gani hapa, au ni urembo?

FundiMkondo: Kwenye tenki, floti (swichi inayoelea) inatosha. Acha sm 20 hadi 25 za waya kati ya kizito na boya, ili kuwe na tofauti ya kutosha kati ya kuwasha na kuzima. Ukibana hadi sm 5, mawimbi ya maji yanayoingia yatawasha na kuzima pampu mfululizo. Kisha soma kitabu cha kontrola (kifaa kinachoendesha pampu): nyingine hutaka mguso wa swichi ufunge (upitishe umeme) tenki likijaa, nyingine hutaka ufunguke. Ikikuruhusu kuchagua, weka mguso uliofunga umaanishe "vuta". Hapo panya akikata waya, pampu inasimama badala ya kumwaga wiki nzima. Kwa mita 180 usisahau kinga ya radi ncha zote mbili.

Simtanki_Jeusi: Ultrasoniki, sensa inayopima umbali hadi kwenye maji kwa mawimbi ya sauti, ina faida moja, inakuonyesha kiasi kilichobaki. Ila ndani ya tenki jeusi juani ni kero. Mvuke hugandia uso wa sensa na usomaji unaruka. Hewa ikiwa nyuzi 45 badala ya 20, sauti inakwenda kasi zaidi kwa karibu 4%, kwa hiyo umbali wa mita 2 unakosewa kama sm 8 kama sensa haisahihishi joto. Nyingi hazioni kitu kilicho karibu kuliko sm 25, basi iinue juu ya maji ya mwisho, mbali na bomba la kuingizia.

Mapigo10: Mita si urembo, ndiyo inayokwambia jua linaishia wapi. Kuinua lita 1,000 kwa mita 1 ni Wh (wati-saa) 2.725. Wewe una 50 + 8 + kama 2 za msuguano, jumla mita 60, yaani Wh 164. Pampu na mota zikiwa na ufanisi wa 45%, utatumia karibu Wh 363 kwa kila lita 1,000. Kontrola ikionyesha W 1,090, mita isome lita 3,000 kwa saa. Ikisoma 2,200 kwa wati zilezile, umefika Wh 495: shuku mapanga ya pampu yaliyolika, bomba linalovuja ndani ya kisima, au maji yaliyoshuka. Wati na maji vikipungua pamoja jua likiwa kali, panda ukafute paneli kwanza.

Nunua mita yenye kutoa mapigo (ishara ya umeme kwa kila kiasi cha maji kinachopita), uiweke kwenye bomba lililojaa muda wote. Bomba la mm 50 lipe sm 50 zilizonyooka kabla ya mita na sm 25 baada yake. Chekivalvu (valvu inayozuia maji kurudi kisimani) ikivuja usiku, asubuhi hewa itazungusha mita na utahesabiwa maji ambayo hayapo.

Bomba_Kavu: Sasa nitajuaje kama ni mapanga au maji yameshuka?

Mapigo10: Hapo ndipo sensa ya presha inapostahili bei yake, lakini kisimani, si kwenye tenki. Chukua inayotoa mkondo wa mA (miliampia) 4 hadi 20, kipimo mita 0 hadi 30 za maji juu yake, itundike mita 69 ndani ya bomba la PVC la inchi 1 lililo wazi chini. Maji yakisimama itatoa mA 18.4, pampu ikivuta 14.1. Zima pampu ikifika 5.6, yaani maji yakibaki mita 3 juu ya sensa. Waya wake una kijibomba cha hewa. Mwisho wake uwe kwenye boksi kavu lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Kikiingia maji, vipimo vyote vinapotoka.

FundiMkondo: Naongeza: floti inazuia kumwaga tu, haileti ufanisi. Kama hakuna tenki la pili, punguza kasi ya pampu ili tenki lijae saa 9 badala ya saa 7. Ukivuta polepole maji hayashuki sana kisimani na msuguano bombani unapungua. Ila usishushe hadi maji yashindwe kufika juu: hapo mita itasoma sifuri huku wati zikiliwa na mota ikichemka.