Tupeane uzoefu: mtoto alipoanza yunivasiti, semista ya kwanza ulikaa naye vipi?

Mama wa Kiamunyi, Nakuru

Wazazi wenzangu hamjambo. Wa pili wangu ameitwa Kakamega, pale yunivasiti ya Masinde Muliro, anareport mwisho wa mwezi. Barua iko, fomu ya daktari imejazwa, godoro na sanduku ziko tayari, hio sehemu sina shida nayo juu kila mtu ana orodha ya vitu vya kununua. Kitu naomba tuongee ni venye mlikaa na mtoto baada ya kumwacha kwa geti, juu hapo ndio naona kila mzazi huachwa ajitafutie.

Fikirieni tu. Miaka minne mtoto amekua bodingi, kengele inamwamsha, kengele inampeleka preps, simu haruhusiwi, akitaka kutoka ni mpaka aandikiwe karatasi. Halafu kati ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na Septemba anakaa nyumbani, anachukua kitambulisho, na ghafla anapewa chumba, simu, pesa ya semista na hakuna mtu hata mmoja wa kujua kama ameamka ama hajaamka.

Kifunguamimba alienda Egerton hapa Njoro, ni matatu moja tu kutoka tauni, kwa hivyo kila Ijumaa jioni alikua hapa nyumbani na begi ya nguo. Mimi nilikua nafurahi. Lakini semista ikifika katikati nikagundua huyu msichana hana rafiki hata mmoja huko Njokerio alikopanga, anaingia darasani anatoka anangojea Ijumaa. Tukakaa chini na baba yake, tukaongea naye, tukakubaliana atakua anakuja mwisho wa mwezi na sisi tutapiga simu. Wikendi za kwanza alilia, siwezi nikadanganya. Halafu akaingia kwaya ya CU, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, na kutoka hapo hata hio ya mwisho wa mwezi saa ingine tulikua tunamwomba.

Sasa huyu wa Kakamega ni mbali, hawezi akarudi kila wiki hata akitaka, na ni kijana, na ni mtu wa kunyamaza. Pesa mnatuma aje? Simu mnapiga mara ngapi? Kumtembelea ni sawa ama ni kumwaibisha? Na akinyamaza kabisa unafanya nini? Tafadhali mniambie yenye imewatokea nyinyi wenyewe, mawaidha ya jumla nimepewa ya kutosha.

Fundi Kondele

Mama mimi niongee ya pesa. Kijana wangu ako yunivasiti ya Bondo, JOOUST, sai ni mwaka wa pili.

Kwanza mzazi ajue hio pesa ya HELB, yaani mkopo wa serikali wa wanafunzi, iko sehemu mbili. Ya karo inaenda chuoni moja kwa moja, mtoto haioni. Ya matumizi ndio inaingia kwake. Huu mpango mpya wa kulipia vyuo ulipoanza 2023 walipanga familia kwa band tano kulingana na uwezo, ya kwanza ni wale hawana kitu, na upkeep ilikua kutoka 60,000 kwa mwaka wale wa band ya kwanza mpaka 40,000 wale wa band ya tano. Sasa chukua hio 40,000, gawa semista mbili, kila moja gawa miezi minne, unapata elfu tano kwa mwezi. Hapo ajilipie nyumba, ale, achapishe noti, anunue bando. Haitoshi na mzazi asijidanganye ati mtoto amelipiwa na serikali.

Lakini shida kubwa kwangu haikua udogo wa pesa, ni venye inaingia yote mara moja. Huyu mtoto maisha yake yote hajawahi shika zaidi ya elfu moja, halafu asubuhi moja simu inalia anaona makumi ya maelfu. Hapo kwa hosteli kuna wenzake wanabeti usiku kucha na wanamwonyesha venye fulani ameshinda, hawamwonyeshi venye fulani amelala njaa. Wangu alimaliza pesa ya semista kabla hata CAT ya kwanza, ule mtihani mdogo wa katikati ya semista, akanyamaza, akaanza kukopa marafiki, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ikajaa. Nilijua kupitia binamu yake.

Sikumpigia kelele. Nilipanda gari nikaenda Bondo, tukala samaki, nikamwambia nionyeshe simu tuhesabu pamoja. Tukakubaliana hivi: ikiingia ya HELB, nyumba ya semista yote inalipwa siku hio hio kwa mwenye ploti, inayobaki anaweka kando mahali hawezi toa kwa haraka, mimi natuma ya chakula kila Jumapili jioni. Kidogo, lakini kila Jumapili bila kukosa, hata garage ikiwa mbaya nakopa natuma, juu akijua Jumapili iko hawezi kufanya ujinga Alhamisi. Na sijawahi kumwambia anipe risiti.

Chakula kavu nanunua Kibuye, unga, maharagwe, omena, natuma na dereva wa Bondo tunajuana. Na nilimfundisha kupika. Wazazi wa vijana, fundisheni hao watoto kupika kabla ya kuenda, kijana asiyejua kusonga ugali atakula chipo kila siku na pesa itaisha wiki ya pili.

Baba Milimani

Mimi nitatofautiana na nyinyi. Mtoto wa miaka 18 ni mtu mzima mbele ya sheria. Mimi niliingia chuo 1986, baba yangu alinipeleka mpaka stage ya basi akanipa mkono, tukaonana Krismasi. Nilijifunza kuishi. Hii ya kutuma omena na kupiga simu kila siku inawafanya wawe watoto mpaka miaka thelathini.

Fundi Kondele

Mzee nakuheshimu sana lakini 1986 mlikua mnakula mess chakula imelipwa na juu yake mnapewa boom, pesa ya mfukoni ya serikali. Huyu wangu akikosa pesa hali.

Mama wa Kiamunyi, Nakuru

Baba Milimani asante, na kuna kitu nachukua kwako, kwamba tusimfanyie kila kitu. Lakini kumpa mkono na kuonana Krismasi, hapana. Watoto wa siku hizi wanapitia vitu vingine na wanavipitia ndani ya simu mahali hakuna mtu anaona.

Mwalimu wa Vihiga

Nimefundisha sekondari kwa muda mrefu na nina wawili waliopitia Maseno. Nitaongeza jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui kwa sababu hawakusoma chuo, au walisoma zamani.

Mzazi akipiga simu anauliza, "Unasoma?" Mtoto anajibu, "Ndio." Simu inakatwa. Hilo swali halina kazi. Muulize kama ameregister yuniti zake kwenye potali. Kufika chuoni na kupewa namba si kusajiliwa masomo, ni vitu viwili tofauti, na yule asiyesajili yuniti anaweza kuhudhuria masomo yote halafu jina lake lisionekane kwenye orodha ya mtihani. Muulize CAT zimeanza lini, kwa kuwa kwa kawaida CAT ni alama 30 na mtihani ni 70, na mtoto anayekosa CAT anadhani ni kama ile mitihani ya kufungua muhula ya shule, ambayo ukikosa hakuna linalotokea. Muulize karo imefikia wapi, maana mwenye deni anaweza kunyimwa kadi ya mtihani siku zimebaki chache, na hapo ndipo simu ya usiku inakuja.

Kuhusu hizo band, mpango ulipoanza mgao wa familia ulikuwa asilimia 5 ya gharama kwa band ya kwanza na asilimia 40 kwa band ya tano. Huo ni mwanya mkubwa sana. Kaeni na mtoto muangalie ukurasa wake kabla hajaondoka, msingoje Novemba. Na anayeona alikowekwa hakufanani na hali ya nyumbani, kuna njia ya kukata rufaa, afanye hivyo mapema akiwa na karatasi zake.

Komredi wa zamani, Kisumu

Naomba nichangie kama mtoto. Nilimaliza Maseno, sai nafanya kazi hapa tauni.

Wiki ya kwanza ni raha, orientesheni, kila mtu anasalimia kila mtu, mnapiga picha kwa ule mnara wa ikweta. Hapo wazazi wanapiga simu sana. Ile wiki ya tatu ya nne mpaka ya sita ndio mbaya, na hapo ndio wazazi wanapunguza juu wanaona mtoto amezoea. Unaangalia kila mtu unaona ako na kikundi chake, wewe unakula peke yako kwa chumba, kozi imekua ngumu kuliko venye ulifikiria, shule ulikua namba mbili sai uko katikati na hakuna mwalimu anajua jina lako. Na huwezi sema nyumbani. Kijiji kizima walichanga ndio ufike, kulikua na harambee, pasta aliomba, mama ameuza ng'ombe, sasa unaanzia wapi kusema hupapendi?

Mama alikua anapiga anauliza "masomo?" nasema poa. "Chakula?" poa. Yeye analala akijua mambo ni poa.

Mwenye alinisaidia ni baba na sidhani ata yeye anajua. Alikua anapiga jioni akitoka shambani, haulizi kitu. Ananiambia kuku fulani imetaga kwa kiti, jirani ameanza kujenga, mahindi imeshikwa na viwavi, mama amegombana na wale wa chama. Dakika kumi hivi. Siku moja akiwa katikati ya story ya kuku nikaanza kulia tu, na yeye akanyamaza akaningoja. Halafu akaniuliza kama nataka aje. Nikasema hapana. Akasema sawa, kesho nitapiga. Akapiga.

Kwa hivyo mama wa Kiamunyi, kama kijana wako ni wa kunyamaza usimfanyie intavyu. Mwambie ya nyumbani. Yake itatoka ikitaka.

Mama Webuye

Huyu komredi ameniliza. Wacha pia mimi niseme yangu, ni mara ya kwanza nasema mahali pa watu.

Wangu alienda chuo kimoja, sitakitaja. Mtoto wa A minus. Mwezi wa pili akaanza kuchelewa kujibu meseji, halafu akawa anajibu usiku wa manane, halafu simu ikawa inazima. Watu wakaniambia ni uvulana, amepata msichana. Moyo wangu ukakataa. Nikapata namba ya rumeti kupitia kwa kiongozi wa darasa, na huyo kijana Mungu ambariki akaniambia, mama, huyu halali usiku, mchana haamki, darasani hajaingia wiki nyingi, na chakula ni mimi namwekea.

Nilienda na gari ya alfajiri. Sikwenda kumchapa na maneno, nilienda nikafua nguo, nikapika, nikakaa. Jioni ndio aliongea. Alisema anahisi kama hakuna sababu ya kuamka. Kesho yake tukaenda na yeye kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi, wakatupeleka kwa mshauri wa chuo, na kutoka hapo hospitali. Tulikubaliana ahairishe semista, na nataka wazazi mjue hio kitu iko, inaitwa kudefer, unaandika barua na karatasi ya daktari na nafasi yake inabaki. Mimi nilidhani ni kufukuzwa. Amekaa nyumbani, amekunywa dawa, amelima na mimi, akarudi na wale waliomfuata. Anaendelea vizuri.

Kitu nawaomba: kabla ya kuondoka hapo kwa hosteli, chukueni namba ya rumeti na mumpe yenu. Namba ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi iandikwe kwa daftari, isiwe kwa simu peke yake. Na kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni ya bure, mtoto anaweza kupiga, na ata wewe mzazi ukikosa la kufanya unaweza kupiga. Na ukisikia moyo unakataa, panda gari. Nauli ya Webuye mpaka popote Kenya ni kidogo.

Baba Milimani

Mama Webuye pole sana. Wangu anaingia mwaka kesho. Nimesoma hii mara mbili. Hio ya namba ya rumeti nimeandika.

Mama wa Kiamunyi, Nakuru

Mama Webuye asante kwa kufungua moyo, Mungu amlinde huyo kijana. Nimeonyesha baba watoto hii yote. Tumepanga hivi: Jumapili ya chakula kama fundi, maswali ya mwalimu mara moja kwa wiki mbili, na jioni tutapiga tu stori za hapa. Tutamtembelea mwezi wa kumi, tutamwambia mapema asishtuke.

Imebaki nyumba. Hakupata hosteli ya ndani, na kuna mtu anajiita keretaka, msimamizi wa nyumba za kupanga za ploti moja huko Lurambi amempigia ati atume depositi leo leo ama chumba kitaenda. Kuna mtu ako Kakamega?

Mama Amalemba

Usitume! Usitume hata shilingi. Kila mwaka wakati wa freshaz, wanafunzi wapya, kuna watu wanatuma picha za chumba kizuri, wanachukua depositi na simu inazimwa. Afike, aone chumba na macho yake, akutane na mwenye ploti ama keretaka hapo hapo mlangoni, aulize wapangaji wengine maji inakuja siku gani na tokeni ya stima ni yake ama wanashare. Huku Lurambi, Sichirai, Koromatangi vyumba viko, akikosa kimoja leo atapata kingine kesho. Aangalie pia njia ya kutoka laibri usiku kama iko na taa. Akikuja kabla hajapata, alale kwangu, nina watoto wa umri wake. Nitumie namba yake inbox na siku anafika, nitamngoja stage.

Mama wa Kiamunyi, Nakuru

Nimekutumia. Ni Alhamisi, atatoka hapa na gari ya asubuhi.