Waandaaji wa safari za Lushoto, acheni kuuza chai ambayo pale mjini haipo

Wakuu,

Kila wikiendi ndefu ikikaribia, magrupu ya WhatsApp hapa Dar yanajaa tangazo lilelile: "Lushoto, mji wa Mjerumani na mashamba ya chai, siku mbili, usafiri na malazi humohumo." Picha inaonyesha chai iliyotandazwa kama zulia mpaka macho yanapoishia. Watu wanalipa, wanapakiwa kwenye Coaster Ijumaa usiku, na Jumapili usiku wanashushwa Mbezi hawajaona hata mche mmoja wa chai. Huo ni utapeli, tuuite kwa jina lake.

Lushoto mjini ni mji wa mboga, matunda na ofisi za serikali. Ukishuka stendi, hakuna shamba la chai utakalolifikia kwa miguu. Chai ya Usambara Magharibi iko upande wa Bumbuli: Mponde, Herkulu, Balangai. Kuifikia inabidi uteremke tena hadi Soni, mji mdogo ulio njiani kuelekea Mombo, ukate kuelekea Bumbuli, na mbele huko njia za mashambani ni za udongo. Mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni na Coaster haifai kabisa. Kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kuangalia shamba, ni siku nzima. Kwenye ratiba zao siku hiyo haimo. Ile chai ya zulia wanayobandika kwenye matangazo ina sura ya Mufindi au Kericho. Ya Usambara inashuka kwenye miteremko mikali, kipande hapa kipande kule, katikati ya migomba na misitu.

Kuna wengine wabaya zaidi, wanaoandika "Lushoto na Amani" kwa siku mbili. Hivi wamewahi kufungua ramani? Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Kati ya milima hiyo miwili kuna bonde la Lwengera. Kutoka Lushoto unashuka kilomita 33 hadi Mombo, unarudi Korogwe, unapita Segera, unakwenda Muheza, halafu unaanza kupanda upya kwa barabara nyembamba ya kupinda kupitia Sigi. Ni zaidi ya kilomita 150 za kukaa kwenye kiti, na kipande cha mwisho wakati wa mvua kinataka gari linalovuta magurudumu yote manne. Amani inastahili safari yake peke yake. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande mbalimbali za dunia bado imesimama. Chai ipo kweli, imeizunguka hifadhi. Anayetaka mji wa kale wa utafiti pamoja na chai, aende Amani moja kwa moja, Lushoto aiache kwa safari nyingine.

Hata wale wanaofika kwenye chai hupelekwa saa mbaya. Chai haivunwi kama mahindi. Wachumaji wanachukua majani mawili na chipukizi, na kichaka kimoja kinarudiwa kila baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea mvua. Kiangazi kikikaza, chipukizi linadumaa na unaweza kukuta shamba zima halina mtu. Majani yakifika kiwandani yananyaushwa kwanza saa 12 hadi 18, upepo ukipita chini yake ili maji yapungue. Ndipo yanakatwakatwa, yanaachwa yapate hewa mpaka rangi ya kijani igeuke ya shaba, kisha yanakaushwa kwa joto na kuchekechwa kwa madaraja. Kilo moja ya chai kavu inahitaji karibu kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi. Sasa mtu anawaleta wageni Jumamosi saa tisa alasiri, bila simu wala miadi, halafu anamlaumu mlinzi wa geti. Kiwanda ni mahali pa kazi, kina mashine zinazozunguka na masharti ya usafi. Unapiga simu siku kadhaa kabla, unauliza majani yanapokelewa saa ngapi na siku hiyo mashine zitawashwa au la.

Tuje kwenye huo "mji wa Mjerumani". Ndiyo, waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na maofisa wao walipanda huko kukimbia joto la pwani, mpaka Waingereza walipouteka mwaka 1916. Lakini majengo mengi ya zamani yanatumika hadi leo, mengine ni ofisi. Ukitaka kuingia au kupiga picha, omba ruhusa, na ruhusa hiyo inapatikana siku ya kazi, si Jumapili asubuhi. Waandaaji wanabana gharama kwa kutomchukua mwongozaji wa pale mjini, matokeo yake kijana kutoka Dar anasoma simu yake na kuwaambia watu kwamba Usambara ilianza na Wajerumani. Hilo linaudhi kuliko hata hiyo chai. Wasambaa walikuwa na dola yao, makao yake Vugha, na Kimweri ye Nyumbai aliitawala mpaka alipofariki mwaka 1862, Mjerumani hajajenga hata ukuta mmoja pale. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848. Na Vugha iko upande huohuo wa Soni na Bumbuli kwenye chai! Siku moja iliyopangwa vizuri ingewapa watu vyote viwili.

Kwenye mwamba wa Irente nako wanawapeleka alfajiri "kuona jua linachomoza". Mwamba ule unatazama magharibi, chini kabisa ni Mazinde na nyika, na asubuhi mara nyingi ukungu umefunika kila kitu. Nendeni kuanzia saa nne. Na waambieni wazazi kabla hawajalipa kwamba ni jabali lenye poromoko la mamia ya mita, jiwe likilowa linateleza, na mtoto anashikwa mkono muda wote.

Msitu wa Magamba: malipo ya hifadhi ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si noti mkononi. Itafuteni mapema, msiwaweke watu thelathini getini mtandao ukisumbua.

Anayelipia na aulize mambo haya kabla hajatuma pesa: chai tutakayoiona ni ya shamba gani, tutafika saa ngapi, gari gani litatupeleka kutoka Soni? Akijibiwa "tutaona tukifika", pesa ibaki kwenye simu.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameuliza kuhusu usalama wa barabara ya Mombo. Lami ipo, ila ni nyembamba, kona zimefungana, upande mmoja mwamba na mwingine korongo, na unapanda karibu mita 1,000 ndani ya hizo kilomita 33. Hatari kubwa ni wakati wa kushuka. Dereva wa tambarare anaweka gia kubwa na kukanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto, mafuta yake yanachemka na kutoa mapovu, pedali inazama bila kushika. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua. Ukiisikia, mwambieni asimame penye nafasi, breki zipoe nusu saa, na wala asimwagie maji magurudumu yakiwa ya moto kwa sababu chuma kinaweza kupasuka. Kushuka ni gia ya pili, ya tatu pakinyooka kidogo, breki zikanyagwe kwa vipindi na honi ipigwe kabla ya kila kona. Masika, Machi hadi Mei, kifusi huweza kuanguka barabarani, kwa hiyo msipande usiku. Dereva aliyeendesha usiku kucha kutoka Dar, karibu kilomita 350, asikabidhiwe mlima huo alfajiri. Alale Mombo au Korogwe, au awepo wa pili. Mwandaaji asiyeweza kulipa madereva wawili asiuze safari hii.