Tupeane uzoefu: kujifunza mapishi ya nyumbani ya Morocco jikoni kwa wenyeji

mwanzisha_uzi
Wadau, wapo wanaokwenda Fes au Marrakech kukaa na familia na kujifunza kupika. Anayejua aweke vipimo, na aseme kinachoharibika na kwa nini. Picha za vyungu tunazo za kutosha.

mama_kaango
Kuskusi (punje ndogo za semolina ya ngano) kwanza, maana ndiyo chakula cha Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, na mgeni hupewa kazi ya kufikicha. Kilo 1 imwage kwenye gsaa, lile sinia pana la udongo au mbao. Nyunyizia vijiko 4 vya mafuta, fikicha kwa viganja mpaka kila punje iteleze, ndipo utie kikombe 1 cha maji kidogo kidogo. Ipakie kwenye keskes, chombo chenye matundu kinachokaa juu ya sufuria ya mchuzi. Usiishindilie wala usiifunike, na mchuzi usiguse kitako cha keskes.

Pale vyombo viwili vinapokutana zungushia utepe wa kitambaa uliochovywa kwenye uji wa unga. Mvuke ukipenya pembeni, juu haufiki na punje hubaki ngumu. Hesabu dakika 15 tangu mvuke utokeze juu, si tangu uinjike. Irudishe kwenye gsaa, vunja mabonge, tia kijiko 1 cha chumvi na vikombe 2 vya maji, halafu mvuke tena. Raundi ya tatu, vikombe 2 hadi 3. Anayemimina maji yote mwanzoni anapata bonge linalokatika kama ugali. Mwisho smen, samli iliyochachushwa. Kijiko kimoja kinatosha, harufu yake si ya mchezo.

chumvi_kiasi
Nyongeza kwa mama_kaango: karoti na kabichi huingia mapema, boga na mumunye wakati wa mvuke wa mwisho, la sivyo mchuzi unageuka uji.

Halafu vipimo. Ukiuliza "kiasi gani?" utajibiwa "shwiya", yaani kidogo. Usimbishie mama wa watu. Omba ruhusa ukinge bakuli chini ya kiganja chake kabla hajatia, upime, kisha umrudishie.

fundi_chungu
Tajine: chungu cha udongo chenye kifuniko kirefu kama kawa, nacho cha udongo. Kipya kisicho na rangi ya kung'aa hulowekwa usiku kucha, hukaushwa, hupakwa mafuta ya zeituni, kisha huzoeshwa moto mdogo. Wengi hukipasua kwa kukiweka juu ya gesi bila bamba la chuma katikati, au kwa kutia maji baridi kikiwa kimoto.

Kuku wa kilo 1 na nusu: vitunguu 3, kimoja kikunwe kwani ndicho kinachoyeyuka na kufanya rojo zito. Tangawizi ya unga kijiko cha chai 1, manjano nusu, pilipili manga nusu, zafarani kidogo, mafuta ya zeituni theluthi ya kikombe, maji nusu kikombe tu. Kuku hutoa maji yake. Saa moja na nusu moto mdogo. Ng'ombe hufika saa 3. Limau la chumvi (achari isiyo na pilipili, iliyokaa wiki 4 hivi) lisuuze, toa nyama ya ndani, tia maganda na zeituni dakika 15 za mwisho. Chumvi onja baada ya hapo. Ukitia mapema imekula kwako.

mama_kaango
Kweli kabisa. Na usifunue kila dakika, mvuke ndio mchuzi wenyewe.

nanaa_mbichi
Mezani, sinia moja, mkono wa kulia, mkate ndio kijiko. Kula upande wako. Nyama ya katikati mwenyeji ataisogeza mwenyewe.

Chai: kijiko 1 cha majani makavu ya chai ya kijani yaliyoviringwa kwa nusu lita. Maji ya moto ya kwanza, kiasi cha glasi, weka kando, ndiyo ladha. Ya pili tikisa umwage, ndiyo uchungu na vumbi. Rudisha ile glasi, jaza maji, chemsha, tia sukari na fumba la nanaa. Nanaa ikichemka sana inakuwa chungu. Usikoroge: mimina glasi moja, irudishe birikani, mara 2 au 3, kisha mimina kutoka juu mpaka povu likae.