Naomba ushauri: makabati ya ukutani na milango ya zamani, nina laki mbili

Binti_Tanga
Habari za jioni wakuu. Nimehamia kwenye nyumba aliyotuachia bibi, hapa Tanga. Jikoni kuna kabati lililojengewa ukutani lenye milango sita. Rangi ya mafuta imepakwa juu ya rangi miaka na miaka mpaka milango inakwama, bawaba mbili zimeng'oka, na ubao wa chini ya sinki umevimba. Fundi aliyekuja anasema ning'oe kila kitu niweke MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mti na gundi. Pesa hiyo sina, na moyo haunipi; bibi alikuwa akitunza vikombe vyake humo. Nianzie wapi?

FundiRanda
Dada, using'oe kitu. Fungua mlango mmoja, ukwangue rangi kidogo upande wa juu usioonekana. Ukikuta kahawia yenye wekundu huenda ni mninga. Ikielekea manjano huenda ni mvule. Mbao hizo leo ni ghali sana, na umezikuta ndani ya nyumba yako. Ukiona chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, hiyo ni chipbodi.

Mama_Wawili
Kabla hujakwangua zaidi: una watoto wadogo? Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Usipige msasa mkavu wala usichome rangi kwa moto. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, kisha futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Siku hiyo watoto walale kwa shangazi yao.

Binti_Tanga
Asante sana mama, ninaye wa miaka mitatu, nitampeleka. Nimekwangua: milango yote ni mbao nyekundu! Ubao wa chini ndio chipbodi.

FundiRanda
Hongera. Basi chipbodi iliyovimba hairudi hata uikaushe mwezi mzima, kwa hiyo toa ubao huo peke yake, weka plaiwudi, na kingo zake uzipake rangi pia maana maji huingilia hapo. Ila fundi bomba aje kwanza. Bomba likiendelea kuvuja, pesa yote imekwenda bure.

Bawaba: matundu yamelegea tu. Chonga vijiti, vipake gundi ya mbao, vigongee ndani, kesho yake kata kilichozidi na ufunge skrubu upya.

Milango ioshe kwa maji moto na sabuni ya unga hadi mafuta ya kupikia yatoke, la sivyo rangi mpya itabanduka. Huna haja ya kutoa rangi yote. Kwangua kingo zinazokwama. Kwingine ilikoshika vizuri, pitisha msasa wa maji namba 180 kuondoa mng'ao. Ikishakauka kabisa, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, halafu rangi yenyewe mara mbili, nyembamba kila mara (mafundi tunaita mikono miwili). Usiharakishe kati ya mkono na mkono, unyevu wa pwani unachelewesha ukaukaji.

Kijana_wa_Ngamiani
Mimi ningeacha mlango mmoja bila rangi, niupake vanishi tu. Ule wa vikombe.

Binti_Tanga
Nimependa hilo. Fundi bomba anakuja Jumamosi asubuhi. Nitaleta mrejesho na picha.