Mrejesho: ile ndege ya majini ya Urusi pichani ni M-9, si M-5

Wakuu, niliuliza namna ya kutofautisha M-5 na M-9, ndege za majini za mbunifu Mrusi Grigorovich, kwenye picha za Bahari Nyeusi. Jibu limepatikana kwenye injini.

M-5 ilifungwa injini ya Gnome ya nguvu za farasi 100, inayopozwa kwa hewa na kuzunguka yote pamoja na propela, hivyo haina rejeta. M-9 ina injini ya Salmson ya nguvu za farasi 150: silinda zimetulia, zinapozwa kwa maji, na rejeta zinaonekana pembeni. Mabawa ya M-9 hufika mita 16. Ya M-5 ni kama 13.6. Rashasha puani iliimarisha jibu, ingawa peke yake haitoshi.

Rangi ndizo zilizonipoteza. Filamu za wakati ule hazikuona wekundu, kwa hiyo duara la nje la alama ya Urusi hutoka jeusi, na buluu hupauka hadi kukaribia weupe wa katikati.

Halafu tarehe: nyuma ya picha pameandikwa 24 Januari 1916. Hiyo ni kalenda ya zamani (ya Julius), iliyotumika Urusi wakati ule. Ongeza siku 13, unapata 6 Februari, siku Warusi waliposhambulia Zonguldak, bandari ya Uturuki.