Timu ikipigwa mfululizo, wewe ulimlaumu nani? Tupeane uzoefu

Mtu wa Langoni

Assalam alaikum wapenzi wa kandanda. Jana baada ya isha baraza letu karibu livunjike kwa sababu ya kikosi. Mmoja asema kocha hajui kupanga, mwengine asema anajua ila hana watu, wa tatu asema wote wauzwe. (Huyu wa tatu hakosekani baraza lolote.) Nikaona nilete huku, kwa sharti moja: msituletee maneno ya wachambuzi wa runinga. Tueleze siku wewe mwenyewe ulipokitukana kikosi, na yaliyokupata baadaye.

Naanza mie. Ni Manchester United, na msicheke, nimeshachekwa vya kutosha. Tarehe 30 Desemba 2024 Newcastle walikuja Old Trafford, mechi ya saa tano usiku saa zetu. Kocha Amorim alikuwa keshaingia tangu Novemba na mabeki wake watatu, ile 3-4-3 (watatu nyuma, wawili kati na mmoja kila ubavu, watatu mbele) aliyokuwa haivui kwa mvua wala kwa jua. Kati akawaweka Casemiro na Eriksen, wawili peke yao, na Newcastle wana viungo watatu wasiojua kuchoka. Dakika ya 4 Isak. Dakika ya 19 Joelinton.

Mie videoni, tunakotazamia mpira, lawama zote nilimtupia mshambuliaji wetu Zirkzee. Kila mpira ukimfika naona wamponyoka. Dakika ya 33 kocha akamtoa, akamwingiza Mainoo. Uwanja ukashangilia kutoka kwake, mashabiki wa timu yake mwenyewe hao, na mie huku Lamu nikapanda juu ya benchi nikapiga makofi. Shemeji yangu wa Arsenal akaniuliza, "Wamshangilia anayeingia au anayetoka?" Sikumjibu. Tukalala 2-0.

Siku kumi na tatu baadaye, Kombe la FA, kwao Arsenal. Dalot kala nyekundu, tumebaki kumi, 1-1 mpaka penalti. Ya mwisho, ile ya kutuvusha, akaenda kupiga nani? Zirkzee. Akaitia. Shemeji akaondoka bila kumaliza soda yake, nami nikashangilia huku naona haya.

Sasa nikikumbuka usiku ule wa Newcastle, naona kosa halikuwa lake. Wawili kati wakizidiwa na watatu, mshambuliaji atapata mpira wa kuokota tu. Lakini kocha simsamehe. Msimu tuliumaliza wa 15, pointi 42, na mfumo ulikuwa ule ule. Haya, nawaachia.

Tuktuk ya Casuarina

Malindi hapa. Mie Chelsea, na nina Mtaliano wangu, maana Malindi kila mwenye tuktuk ana Mtaliano wake. Wangu ni mzee mstaafu, Kiswahili chake ni cha sokoni lakini mpira anaujua, na yeye ni Juventus tangu utotoni.

Septemba 2016 Conte ana miezi michache tu kwetu. Tarehe 24 twaenda kwa Arsenal, na mpaka mapumziko tushakula tatu: Sanchez, Walcott, Özil. Dakika ya 55 namwona Conte amtoa Fàbregas amwingiza Alonso, beki. Umefungwa tatu, wamtoa mpiga pasi watia beki! Nilitukana Kiswahili, nikatukana na Kitaliano nilichofundishwa na wateja. Kesho yake nikamchukua mzee wangu nampeleka sokoni, nikamwambia kocha wenu huyu mwoga.

Akanisimamisha kando ya barabara. Wallahi, tuktuk inanguruma, yeye achukua vitunguu kwenye kikapu avipanga kwenye kiti. Vitatu nyuma. Viwili pembeni, kimoja kila upande. Viwili kati. Akaniambia Conte alichukua ubingwa wa Italia mara tatu mfululizo na Juventus kwa mabeki watatu, basi asichukue kwenu kwa nini? Kisha akashika kitunguu kidogo cha mbele kushoto: "Huyu Hazard. Sasa hakabi tena." Hapo ndipo nilipofahamu. Awali Hazard akipoteza mpira alilazimika kurudi kumsaidia beki wake. Akiwepo Alonso wa kupanda na kushuka ubavu mzima, Hazard abaki juu ale watu.

Upande wa kulia akamweka Victor Moses, ambaye kabla ya hapo alikuwa akikopeshwa kila msimu: Liverpool, Stoke, West Ham. Mechi kumi na tatu za ligi tukashinda bila kupumzika, na mwisho wa msimu ubingwa, pointi 93. Vitunguu sikumlipisha nauli.

Kwa hivyo wewe wa Langoni, 3-4-3 usiilaumu bure. Conte naye alikuwa na wawili kati, ila mmoja wao alikuwa Kanté, mkabaji asiyechoka.

Shemeji wa Arsenal

Kwanza, soda niliimaliza. Aliyeandika hapo juu aache uongo, anipitie nyumbani nimwoneshe chupa.

Pili, langu fupi. Desemba 2020, mechi saba za ligi bila ushindi, tuko wa 15. Mie ndiye niliyekuwa mkali kwamba timu ikizama huingizi watoto, waingiza watu wazima. Arteta tarehe 26 akawaanzisha Saka, Martinelli na Smith Rowe dhidi ya Chelsea. Nikasema leo twafungwa sita. Mechi ilianza saa mbili na nusu usiku, na kafyu ya korona ni saa nne, sasa nikatazama saa kuliko mpira. Saka alipotia la tatu nikalazimika kukimbia nyumbani. Ile penalti ya Jorginho aliyoidaka Leno niliisikia kupitia ukuta wa jirani. 3-1. Toka siku hiyo nikisikia mtu asema "watoto wasubiri", nanyamaza.

Binti Seremala

Na wanawake twaruhusiwa? Mkomani hapa, Liverpool. Videoni siendi, naangalia kwa simu jikoni nikikanda unga wa mahamri ya asubuhi, na babangu akipita husimama nyuma yangu na randa mkononi.

Msimu wa 2020/21 mwaujua. Oktoba van Dijk akavunjwa goti na Everton. Kisha Gomez, kisha Matip. Klopp akamtoa Fabinho kati akamrudisha beki, akaona haitoshi akamrudisha na Henderson. Mie nikasema vizuri, hao ni wazoefu, kuliko wale vijana Phillips na Rhys Williams ambao hata majina yao nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Kwa nini uwape mechi kubwa vijana wa akiba na una Fabinho?

Tukafungwa nyumbani mara sita mfululizo. Sita! Burnley ndio walioanza, na kabla yao tulikuwa na mechi 68 za ligi Anfield bila kufungwa. Everton hawakuwa wameshinda kwetu tangu 1999, nao wakaja wakatupa 2-0. Kila nikimaliza mechi unga umekandwa mpaka umekuwa kama ngozi ya ngoma. Mamangu akasema Liverpool yatuharibia biashara.

Babangu mpira haujui sana, lakini ni fundi wa milango na nyumba za kale. Siku moja akaniuliza hao wawili walioko nyuma kazi yao hasa ni ipi. Nikamwambia wa kati. Akasema, "Mmetoa boriti ya kati kuzibia ukuta. Dari mwataka lishikwe na nini?"

Na ndivyo ilivyokuwa. Nyuma tulipaziba vibaya, na kati pakabaki wazi, kwa hivyo mbele hakuna mpira. Fabinho aliporudishwa namba sita, yaani kiungo mkabaji, na wale vijana wawili wakapewa ulinzi, timu ikapata uti wa mgongo tena. Mechi tano za mwisho tulishinda zote, tukamaliza wa tatu. Katikati ya hizo tano ndiyo ile ya West Brom, tarehe 16 Mei, siku chache baada ya Idi, 1-1 dakika ya 95, kipa Alisson apanda kwenye kona atia kichwa. Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafariki.

Nat Phillips nikimwona popote namlipia mahamri.

Mwenye Kikoi

Yangu ni ya aibu. Agosti 2025, CHAN ile ya Kenya, Tanzania na Uganda. Sisi Kenya tulishaipiga Morocco 1-0 tukiwa kumi, mji mzima umepandwa na kichwa. Robo fainali na Madagascar, 1-1, muda unakwenda. Mie mbele ya watu wote napiga kelele: "McCarthy mjinga, kwa nini hamweki Olunga?" Nimepiga kelele dakika ishirini. Mtoto wa darasa la sita akanivuta kikoi: "Ami, hii ni CHAN. Ni ya wanaocheza ligi za nyumbani tu. Olunga hawezi kucheza."

Tukatolewa kwa penalti na nikalaumiwa mie.

Kocha wa Pwani

Nyote mwaongea timu za Uingereza, na mie niongee ya kwangu. Nafundisha timu ya mtaa hapa Malindi, vijana wa kutoka mjini na wachache wa Mayungu. Uwanja twagawana na timu nyingi, kwa hivyo mwaka ule ligi yetu ilikuwa Jumamosi moja ndiyo, moja siyo. Jumamosi za katikati twacheza za kirafiki.

Sasa sikilizeni maajabu. Za kirafiki twashinda. Za ligi twapigwa. Timu ile ile, kikosi kile kile, na wale tuliowafunga wiki iliyopita ndio hao hao wanaotufunga. Moja, mbili, mpaka tano. Nilikuwa nacheza 4-3-3 ya kukaba juu kwa juu, yaani kumkimbilia mpinzani tangu upande wake, nimeiga kwenye runinga, na kwa za kirafiki yatoa moto. Siku ya ligi, kufika dakika ya 25, kiungo wangu mkabaji atembea kama mtu aliyetoka harusini, na winga wangu wa kushoto amefuata mkondo huo huo. Wote wawili wa Mayungu.

Maneno yakaanza. Wamenunuliwa. Wanatafuna muguka. Mwenyekiti akaja na rai ya kwenda kwa mtu fulani Magarini "akatuangalizie". Nikawapanga wengine, tukafungwa vilevile kwa kuwa hao wengine hawajui kukaba. Nikawarudisha. Nikawagombeza mbele ya wenzao, jambo ninalolijutia mpaka leo.

Kila mechi naandika kwenye daftari: tarehe, kikosi, matokeo. Siku moja nimeliacha wazi mezani, mamangu akalichungulia. Yeye ni mchuuzi wa pweza. Akazisoma zile tarehe tano za kufungwa, akasema, "Hizi zote ni bamvua. Siku hizi pweza alikuwa rahisi mpaka tukamtupa."

Nikakaa chini. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kila baada ya kama wiki mbili, na ligi yetu ni ya kila baada ya wiki mbili. Siku za bamvua maji huku kwetu hukupwa sana kuanzia asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, mwamba unakuwa mkavu, na vijana wa Mayungu wote wako juu yake na vyuma vyao wakichokoa pweza. Masaa manne, matano ya kuinama juani, miguu ndani ya maji ya chumvi, juu ya matumbawe. Kisha saa kumi na nusu mie nawaambia wakabe juu kwa juu! Za kirafiki ziliangukia maji mafu, yasiyokupwa sana, mwamba umefunikwa, watu wamelala nyumbani. Ndiyo maana walikuwa simba.

Kuwauliza hawakuniambia. Mmoja alisema, "Kocha, ungenitoa kwenye timu." Na kweli ningemtoa.

Niliomba waandalizi watusogezee ratiba, wakacheka. Basi nikabadilisha mimi. Siku ya bamvua nacheza 4-4-2, tunakaa nyuma, hatumkimbilii mtu mpaka avuke nusu ya uwanja, na mkabaji wangu aanza benchi, aingia dakika ya 60 wapinzani wakiwa wamechoka. Winga nikamhamishia upande wenye kivuli cha miti, msinicheke, jua la saa kumi na nusu si mchezo. Ya sita tulitoka sare. Ya saba tukashinda 1-0, bao baya, la goti. Ubingwa hatukuchukua, tulianza kuamka mwishoni.

Siku hizi sipangi kikosi bila kuangalia mwezi.

Mtu wa Langoni

Kocha, umenitia baridi. Nanyi hamjui, lakini nami husaidia kupanga timu ya mtaa, na Jumamosi tuna mechi uwanja wa Twaif saa kumi na nusu. Nimehesabu hapa: mwezi utakuwa wa kumi na nne. Namba sita wangu ni mzamiaji wa kamba. Wiki mbili zilizopita nilimtoa kipindi cha kwanza na nikamwambia maneno. Nimpange au nisimpange?

Kocha wa Pwani

Muulize kwanza atoka baharini saa ngapi. Mie sikuuliza, nikafungwa tano.

Namba Sita

Kocha, nasoma toka mwanzo. Jumamosi naweza nisiende kuzamia. Lakini kilo mbili za kamba ni nani atakayenilipa?